Umeambiwa "Sheria Imebadilika" Marekani? Ihakiki Mwenyewe Hivi

Kila wiki napokea voisi zilezile kwenye WhatsApp. "Kaka, nasikia wamefuta vibali vya kazi." "Ni kweli pesa tunayotuma nyumbani sasa inakatwa kodi?" "Tusiposajili kampuni tutapigwa faini?" Kumjibu mmoja mmoja nimechoka, na jibu nililotoa mwezi uliopita huenda leo limeshaoza. Kwa hiyo nakupa njia ninayoitumia mimi. Haitakufanya wakili. Itakujulisha mambo matatu tu: kimebadilika nini, kinaanza lini, na kama wewe umo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Tovuti ni tatu, zote za serikali, na kuzisoma ni bure, bila akaunti wala kadi ya benki: federalregister.gov, ecfr.gov na regulations.gov.
- Karatasi zako zenyewe: kibali cha kazi, risiti za maombi, leseni, chochote kinachoguswa na habari uliyosikia. Usitegemee kumbukumbu.
- Daftari, kalamu na kalenda.
- Mtu anayesoma Kiingereza vizuri, kama wewe bado hujakizoea. Kijana wa sekondari anatosha. Kazi yake ni kukusomea, si kukushauri.
- Muda wa kama dakika arobaini bila kelele.

Nadharia ni hii tu. Bunge hutunga sheria. Idara za serikali huandika kanuni za kuitekeleza sheria hiyo. Kanuni hutangazwa katika Federal Register, ambalo ni kama Gazeti la Serikali kule kwetu, na hutoka kila siku ya kazi tangu 1936. Kanuni zinazotumika hukusanywa katika mkusanyo mmoja uitwao CFR, wenye mafungu 50. La 8 ni la uhamiaji, la 26 kodi, la 29 kazi, la 49 usafirishaji. Tuingie kazini.

Hatua ya 1: Itafute karatasi yenyewe

Aliyekutumia habari muulize swali moja: "Umeitoa wapi?" Akikutumia picha ya skrini au video ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gari, hiyo ni fununu bado. Tafuta mambo mawili ndani yake, jina la idara na tarehe. Kisha ingia federalregister.gov, andika maneno mawili matatu ya Kiingereza ya jambo lenyewe, chagua idara, panga matokeo kuanzia jipya.

Ukiona namba ya mtindo wa 89 FR 101208, usiogope. Ni juzuu ya 89, ukurasa wa 101,208. Ndiyo, ukurasa wa laki moja na ushei; juzuu moja ni mwaka mzima, na ile ya 2024 ilikuwa nene hivyo. Iandike namba hiyo kwenye daftari, maana ukiiingiza katika kisanduku cha kutafutia inakupeleka moja kwa moja.

Onyo: kuna karatasi ambazo tovuti huzionyesha siku moja kabla hazijachapishwa rasmi. Hapo ndipo wapenda sifa hukimbilia kurekodi voisi. Subiri ichapwe.

Hatua ya 2: Soma mstari wa ACTION kabla ya kitu kingine

Juu ya kila karatasi kuna vichwa vidogo kwa herufi kubwa: AGENCY, ACTION, SUMMARY, DATES. Mstari wa ACTION ndio unaokwambia kama jambo limeiva au bado liko jikoni.

"Proposed rule" ni pendekezo. Hakuna kilichobadilika. Idara inasema inakusudia kufanya hivi, watu watoe maoni. Linaweza kupita, kubadilishwa au kutupwa kabisa.

"Final rule" ni kanuni iliyokamilika, ingawa huenda haijaanza kutumika.

"Interim final rule" ndiyo inayowakamata wengi. Ni kanuni inayoanza kazi huku maoni yakiendelea kupokelewa, na mara nyingi huanza siku ileile inapochapishwa. Ukiliona neno "interim" usilichukulie kama "bado". Inauma kama nyingine.

"Notice" ni tangazo, kwa mfano la mkutano, la fomu, la ada, au la kuongeza muda wa hadhi ya ulinzi wa muda kwa watu wa nchi fulani.

Nusu ya hofu ninayotumiwa huisha hapa. Mtu amelia usiku kucha kwa ajili ya pendekezo.

Hatua ya 3: Kaa kwenye DATES, usiharakishe

Hapa nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo watu walipoumia.

Chukua mfano wa kibali cha kazi. Tarehe 13 Desemba 2024 serikali ilichapisha kanuni (ndiyo ile 89 FR 101208) iliyosema kwamba ukiwa umeomba upya kibali chako kwa wakati, na uko katika makundi yanayohusika, kibali cha zamani kinaongezwa muda chenyewe hadi siku 540 huku ukisubiri. Awali zilikuwa 180. Ikaanza kutumika 13 Januari 2025. Watu wakashusha pumzi.

Kisha tarehe 30 Oktoba 2025 ikatoka kanuni ya muda (ile "interim final rule" ya Hatua ya 2), ikaanza siku hiyohiyo: maombi ya kuongeza kibali yatakayowasilishwa tarehe 30 Oktoba 2025 au baadaye hayapati tena nyongeza hiyo ya moja kwa moja, isipokuwa katika hali chache, kama ile hadhi ya ulinzi wa muda ambayo nyongeza yake hutolewa kwa sheria au kwa tangazo lake lenyewe.

Sasa yaangalie maneno "filed on or after October 30, 2025". Mama mmoja Mkongo wa hapa mtaani alinipigia akitetemeka, "Mwanangu, kibali changu kinaisha Desemba, kwa hiyo naacha kazi?" Nikamwambia, mama, nitolee ile karatasi ya risiti, I-797C. Akaipekua kwenye mfuko wa plastiki anaowekea vyeti vya watoto. Pale juu, kwenye kisanduku cha "Received Date", ilikuwa Septemba 2025. Jirani yake aliyempa habari alikuwa ameangalia tarehe ya kadi kuisha, wakati kanuni inaangalia tarehe ya ombi kupokelewa. Mama alikuwa salama. Mwingine aliyepeleka ombi wiki mbili baada ya kanuni kutoka, kwa kadi inayoisha siku ileile, hakuwa salama.

Kwa hiyo kila ukisoma DATES, jiulize hii ni tarehe ya nini:

a) Ya kuanza kutumika: "effective date".
b) Ya mwisho ya kutoa maoni: "comments must be submitted by". Hii haikudai chochote maishani mwako.
c) Ya lazima kutekeleza: "compliance date". Mara nyingine huja miezi mingi baada ya kanuni kuanza.
d) Tarehe iliyojificha ndani ya maandishi, kama ile ya Oktoba 30, inayogawa watu wa kabla na watu wa baada.

Ya mwisho ndiyo ya kuizungushia duara.

Hatua ya 4: Soma SUMMARY, kisha ruka hadi mwisho kabisa

SUMMARY ni aya moja au mbili. Isome mara mbili. Baada yake kuna SUPPLEMENTARY INFORMATION, kurasa kadhaa, wakati mwingine mamia, za idara kujieleza, kujitetea na kujibu maoni. Huko usiingie leo. Shuka hadi chini kabisa baada ya maneno "List of Subjects". Maandishi yanayofuata ndiyo kanuni yenyewe. Yaliyoko juu yake ni maelezo.

Utakuta yameandikwa kama fundi anayekwambia "toa msumari huu, weka ule": ondoa aya hii, badilisha maneno yale. Ukiyasoma peke yake hayaleti maana. Chukua namba ya kifungu, kwa mfano 8 CFR 274a.13(d), ambacho ndicho cha nyongeza ya vibali, kifungue kwenye ecfr.gov. Tovuti hiyo inakuruhusu kuchagua tarehe ya nyuma ukaona kifungu kilivyosomeka wakati huo. Weka cha zamani na kipya ubavu kwa ubavu. Tofauti itaonekana yenyewe.

Kama ni pendekezo, kuna njia ya mkato. Tangu 2023 sheria inazitaka idara ziweke kwenye regulations.gov muhtasari wa kila pendekezo kwa lugha nyepesi, usiozidi maneno 100. Anza na huo.

(Marekani pia ina sheria ya mwaka 2010 inayozitaka idara ziandike kwa lugha inayoeleweka. Kanuni zenyewe zimeachwa nje ya sheria hiyo. Kwa hiyo ukirudia aya mara tatu bila kuambulia kitu, tatizo si Kiingereza chako.)

Maneno ya kuyawekea alama unaposoma: "must" na "shall" ni lazima, "may" ni ruhusa, idara au mtu anaweza akitaka, "unless" na "except" ni milango ya kutokea. Mlango wa kutokea mara nyingi ndio unaokuhusu wewe.

Hatua ya 5: Jiulize kama umo

Soma nani anatajwa: mwajiri, mfanyakazi, mwombaji, kampuni ya namna gani. Kisha chukua karatasi yako na ulinganishe herufi kwa herufi. Kwenye kibali cha kazi kuna kundi limeandikwa, kama A03 kwa mkimbizi, A05 kwa aliyepewa hifadhi, C08 kwa anayesubiri uamuzi wa hifadhi. Kanuni ikitaja C08 na wewe ni A05, habari ya jirani si yako, hata kama mlikuja kwa ndege moja.

Mfano wa kampuni ni mzuri zaidi. Sheria ya 2021 ya uwazi wa makampuni ilitaka kampuni ndogo ziripoti wamiliki wake kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha. Ndugu zetu wenye kampuni za usafi, malori na saluni wakaingia kiwewe. Machi 2025 FinCEN ikatoa kanuni ya muda iliyoziondolea wajibu huo kampuni zilizoanzishwa ndani ya Marekani. Zikabaki za nje zilizojisajili kufanya kazi huku. Lakini barua za "lipa tukusajilie" ziliendelea kuwafikia watu. Kijana mmoja wa kampuni ya usafi alinionyesha barua ya namna hiyo akiwa ameshalipa. Neno moja, "domestic", yaani ya ndani ya nchi, lingemwokolea pesa yake.

Hatua ya 6: Angalia kama mahakama imeingilia

Kanuni inaweza kuwa imekamilika, imechapishwa, ina tarehe, na isianze kamwe. Tume ya biashara, FTC, ilipitisha mwaka 2024 kanuni ya kuwakataza waajiri kumfunga mfanyakazi asiende kwa mshindani. Ilikuwa ianze 4 Septemba 2024. Tarehe 20 Agosti hakimu wa shirikisho huko Texas akaitupa. Mpaka leo kuna watu wanaoitaja kama sheria.

Madereva wa lori nao wanayajua haya. Kanuni ya muda ya Septemba 2025 iliyobana leseni za lori kwa wasio raia wala wakaazi wa kudumu ilisimamishwa na mahakama ya rufaa ya Washington D.C. Novemba hiyohiyo. Dereva aliyesoma karatasi ya Septemba tu alisoma nusu, na aliyesoma uamuzi wa Novemba akafunga simu naye bado ana kazi ya kufuatilia, kwa sababu kesi huendelea na idara huandika upya.

Namna ya kuangalia: andika jina la kanuni pamoja na maneno "stayed" (imesimamishwa), "vacated" (imefutwa) na "enjoined" (imezuiwa) kwenye kitafutio, kisha nenda tovuti ya idara husika uone kama imeweka ilani juu ya ukurasa. Fanya hivi siku unapotaka kuchukua hatua, hata kama ulishafanya mwezi jana.

Hatua ya 7: Andika sentensi tatu

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, andika kwenye daftari: kimebadilika nini, kinaanza lini na tarehe ipi ndiyo inayogawa watu, mimi nimo au simo, kwa sababu gani. Usipoweza kuandika ya tatu, rudi Hatua ya 5. Tarehe ihamishie kwenye kalenda ya ukutani. Kwa kibali cha kazi, hesabu siku 180 nyuma kutoka siku kinapoisha; hapo ndipo USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, wanashauri uanze kuomba. Kwa sababu nyongeza ya moja kwa moja imeondoka, anayengoja wiki ya mwisho anajiweka pabaya.

Kama ni pendekezo na linakugusa, toa maoni kwenye regulations.gov. Si lazima uwe raia. Andika kwa Kiingereza, eleza linavyokugusa. Usiweke namba yako ya uhamiaji wala ya Social Security, maana maoni husomwa na dunia nzima.

Ukikwama

*Nimetafuta Federal Register nzima, siioni.* Huenda si kanuni. Ile kodi ya pesa tunazotuma nyumbani ni sheria ya Bunge, iliyosainiwa 4 Julai 2025. Ilianza kama pendekezo la asilimia 5, ikashuka 3.5, ikaishia asilimia 1, kuanzia 1 Januari 2026. Inamhusu mtumaji yeyote, raia na asiye raia, anayelipa kwa pesa taslimu, money order au hundi ya benki. Ukienda dirishani na dola 300 mkononi, kodi ni dola 3 juu ya ada ya wakala. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani, haikugusi. Voisi nyingi bado zinataja asilimia 5.

*Si kanuni wala sheria, lakini USCIS wameshaanza kuitumia.* Basi ni badiliko la mwongozo wa ndani wa idara. Desemba 2025, kwa mfano, USCIS ilipunguza muda wa vibali vya kazi vya wakimbizi, waliopewa hifadhi na wengine kutoka hadi miaka 5 kuwa hadi miezi 18, kupitia mwongozo wake wa sera. Hayo utayapata kwenye tovuti ya idara, sehemu ya habari. Vivyo hivyo katazo la kulipa ada za USCIS kwa hundi au money order za karatasi tangu mwisho wa Oktoba 2025. Fomu zikirudishwa kwa kosa hilo, tarehe yako ya kupokelewa inapotea nazo.

*Programu ya tafsiri imenipa Kiswahili cha ajabu.* Niliwahi kuona "may" imegeuzwa mwezi wa Mei. Tafsiri sentensi moja moja, na maneno ya Hatua ya 4 yaangalie kwa Kiingereza chake.

*Nimpelekee notari?* Hapana. Wenzetu waliokulia Kongo au Burundi wanamjua "notaire" kama mtu wa sheria. Huku "notary public" kazi yake ni kushuhudia sahihi. Ushauri wa uhamiaji hutolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na orodha ya hao walioidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya wizara hiyo.

*Mimi nimo upande salama, lakini ofisi ya mwajiri inasema kadi yangu imeisha.* Hili linatokea sana, kwa sababu nao wamesikia voisi zao. Usibishane mlangoni. Chapisha ukurasa wa USCIS unaohusu nyongeza ya vibali, chukua kadi ya zamani na I-797C, pigia mstari "Received Date" iliyo kabla ya 30 Oktoba 2025, na uonyeshe kwamba kundi kwenye kadi na kwenye risiti ni lilelile. Hesabu siku 540 kuanzia tarehe kadi ilipoisha, andika kwa penseli siku inayotoka, umwachie mtu wa ofisi nakala. Karatasi halisi rudi nazo nyumbani.